Kuovakloki prosesa kuukuu kwa feni, katika joto la Dar

Video nyingi za kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita mwendo wake wa kiwandani, mnazonitumia WhatsApp zimerekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Jamaa kavaa sweta, anapandisha volteji, prosesa inagota kwenye nyuzi 70, anatabasamu. Ukutani kwangu hapa Kariakoo nimening'iniza kipimajoto. Februari saa nane mchana kinasoma 32, siku nyingine 33. Hizo nyuzi 12 za tofauti haziendi popote. Feni haitengenezi baridi, inachofanya ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo kwao ikiwa 70, kwako jiandae kuona 82 kwa mashine ileile na mipangilio ileile.

Ndiyo maana mwendo wa prosesa mimi naupanga majira ya kaskazi, mchana, chumba kikiwa kama kinavyokuwa siku zote. Nilianza kufanya hivyo baada ya kuumbuka. Nina i5-2500K, ile ya kizazi cha Sandy Bridge iliyotoka Januari 2011. Kiwandani imepangiwa GHz 3.3, na viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja inajipandisha yenyewe hadi 3.4. Mwaka fulani mwezi wa saba, usiku, upepo wa kusi unapita dirishani, niliifikisha 4.4. Niliijaribu mpaka asubuhi, haikutetereka. Nikajiona fundi kweli. Ikafika Januari, niko katikati ya kazi ya mteja, skrini ya bluu. Nikawasha, baada ya nusu saa bluu tena, namba ya kosa 0x124. Prosesa ilikuwa ileile na volteji zilezile, ila chumba kilikuwa kimeongezeka nyuzi 9.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Joto inalolitoa prosesa (wati, siyo nyuzi) linapanda sambamba na mwendo, lakini kwa volteji linapanda kwa mraba. Chip yangu ilikuwa inatulia 3.4 kwa volti 1.20. Ili ikae 4.2 iliomba 1.25. Mwendo umeongezeka kama asilimia 24, joto kama asilimia 34. Hapo bado tunaelewana. Ili ifike 4.4 ikataka 1.35. Sasa joto limezidi lile la mwanzo kwa asilimia 64. Ukilinganisha hatua hizo mbili utaona kwamba kutoka 4.2 kwenda 4.4 nilipata mwendo wa asilimia 5 na nikalipa joto la asilimia 22. Kwa Dar hiyo ni biashara ya hasara. Kila chip ina tabia yake, yako inaweza kuomba zaidi au pungufu, ila umbo la hesabu halibadiliki: kuna mahali mwendo unakuja kwa bei ya kawaida, na baada ya hapo unaanza kulanguliwa.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha mashine yako inakubali hata kuguswa. Wiki chache zilizopita alikuja kijana anayehariri video za harusi kule Tandika, kabeba CPU begani.

"Shikamoo fundi. Nimeambiwa unaweza kuifanya hii ikimbie kama mpya."

"Marahaba. Hebu tuione."

Dell OptiPlex 790, mtumba safi wa ofisini, ndani ina i5-2400. Nikamwambia mdogo wangu, hii hapana. Prosesa haina herufi K, na madabodi za ofisi za namna hii bayosi yake, ile programu ya mipangilio ya madabodi, haina hata pa kugusa kizidishi, namba inayozidisha mapigo ya msingi kupata mwendo. Kwenye kizazi hicho cha Intel unataka vitu viwili pamoja: prosesa ya K, kama 2500K au 2600K, na madabodi yenye chipseti ya P67, Z68 au Z77. Ukiweka K juu ya H61, chipseti isiyofungua kizidishi, umenunua mwendo usioweza kuutumia. Nilimwekea SSD, nikaongeza ram, nikapuliza vumbi. Alirudi kunishukuru, na sikugusa volteji hata chembe. Niseme ukweli, nusu ya wanaokuja kutaka kuovakloki shida yao ni diski ya kuzunguka.

Wenye Core 2 Quad, zile Q6600 za 2007, mko dunia nyingine. Kizidishi chake kimefungwa kwenye 9, kwa hiyo mnapandisha basi la mbele (FSB, ndiyo mapigo ya msingi): 266 mara 9 ndiyo ile 2.4 ya kiwandani, 333 mara 9 inawapa 3.0. Nyingi zinafika hapo bila kelele. Lakini kagueni kapasita za madabodi kwanza. Ikiwa kuna hata moja iliyovimba kichwa, acheni.

Turudi kwenye feni. Feni ya kiwandani ya Intel inakaa kwa miguu minne ya plastiki inayosukumwa mpaka ilie *tak*. Mashine nyingi ninazofungua kwa sababu "zinachemka", mguu mmoja umechomoka kwenye misukosuko ya usafiri, hitisinki, kile chuma chenye mapezi chini ya feni, imeinama upande kama bati lililong'olewa na upepo. Irudishe, geuza madabodi, hakikisha ncha zote nne zimetokeza nyuma. Feni hiyo inatosha kwa mwendo wa kiwandani. Kwa kuovakloki tafuta hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Hyper 212 Evo ya Cooler Master imewafaa wengi, ila ina kimo cha milimita 159, kwa hiyo pima kasha lako kabla hujatoa hela. Nimeshaona mtu anaendesha mashine bila mfuniko wa ubavuni mwaka mzima kwa sababu mnara ulikataa kuingia, na panya wakaona wamejengewa.

Kuna jambo moja la mnara ambalo halitajwi sana. Feni ya kiwandani inapuliza kuelekea chini, hivyo inazipoza pia zile mosfeti zinazoizunguka soketi, ambazo ndizo zinazoilisha prosesa umeme. Mnara unapuliza kwa ubavu, juu kabisa ya mosfeti, zenyewe zinabaki kwenye hewa iliyosimama. Na ukishapandisha volteji, wao ndio wanaobeba mzigo. Weka feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, karibu nao. Kama vibati vyake vya kupozea huwezi kuvigusa kwa kidole hata sekunde mbili, rudi chini.

Pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki: kiasi cha punje ya choroko katikati, funga hitisinki kwa kukaza skrubu mshazari, basi. Usipake kama siagi. Nunua mahali unapoamini, maana iliyochakachuliwa ipo. Niliwahi kununua bomba moja, wiki ya tatu ikawa imekauka kama chokaa na nyuzi zimepanda 11. Wenye 3570K ya 2012 mjue pia kwamba chini ya kile kifuniko cha chuma cha prosesa kuna pesti, wakati 2500K imechomelewa. Kwa hiyo yenu inachemka haraka zaidi hata mkiweka mnara mkubwa. Sishauri kukibandua kifuniko hicho.

Vumbi la hapa halijakauka. Lina chumvi ya bahari na mafuta ya jikoni, linaganda kwenye mapezi ya hitisinki kama blanketi. Ukipuliza kwa blowa, zuia pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Ukiliacha lizunguke kwa nguvu ya blowa, unaua beringi.

Sasa pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. Miaka ya nyuma nilinunua moja dukani, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, nyepesi mkononi kama kopo la biskuti lililokwisha. Uzito ule ungenitosha kujua. Siku ya tatu ya kuovakloki ikalia *pa*, harufu ya samaki aliyeungua ikajaa chumba, ikaondoka na madabodi. Tangu hapo pawasaplai ya mtumba ya chata linaloeleweka naiheshimu kuliko mpya isiyo na baba. Na kama unataka kusasisha bayosi kabla ya kuanza, fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, madabodi inageuka sahani.

Kwenye bayosi, mimi hufanya hivi. Kwanza nakili mafaili yako kwenye diski nyingine, hili halina mjadala. Kisha pima mashine ikiwa na mwendo wa kiwandani, mchana, kwa Prime95, programu ya kuitesa prosesa, kwenye jaribio la Small FFTs, huku Core Temp, inayosoma nyuzi, imefunguliwa. Ikiwa tayari inagusa 80 bila kuongezwa chochote, kazi yako ni hitisinki na vumbi, bado hujafika kwenye kuovakloki. Ikiwa 60 na kitu, una nafasi.

Basi ya msingi, yale mapigo yanayozidishwa na kizidishi, iache MHz 100. Kwenye Sandy Bridge namba hiyo inaendesha pia PCIe na SATA, njia za kadi na diski, ukiichezea unaweza kuharibu mafaili huku prosesa ikionekana nzima. Ram nayo iache kwanza. Weka volteji isiyobadilika, kwa mfano 1.20, kisha pandisha kizidishi: 38, washa, jaribu dakika 15. Kisha 39, kisha 40. Ikistaki au ikikupa bluu ya 0x124 au 0x101, ongeza volti 0.01 au 0.02, rudia. Usiiachie madabodi ijichagulie volteji yenyewe. Nyingi ni waoga, zinamimina hadi 1.40 mahali ambapo 1.27 ingetosha. Kwa Dar na kwa feni mimi sivuki 1.30. Mipaka mikubwa zaidi mnayoisoma imewekwa na watu wa sweta.

Ukikwama kabisa na mashine haiwaki, usilie. Chomoa waya wa umeme, toa betri ile ya CR2032 dakika kadhaa, rudisha. Bayosi inasahau yote.

Nyuzi ngapi ni salama? 2500K inaanza kujipunguza mwendo yenyewe ikikaribia 98. Mimi naweka ukomo 80 ndani ya Prime95, saa nane mchana, madirisha wazi na AC imezimwa. Zile 18 zinazobaki zina wenyewe: vumbi la miezi sita, pesti inayozeeka, siku feni ya kasha itakapokufa bila kuaga. Kwenye kazi ya kawaida, kama kutoa video, utaona nyuzi ziko chini ya hapo.

Ikishapita saa kadhaa, usishangilie. Fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger, tukio namba 19. Hilo maana yake prosesa imekosea hesabu na ikajisahihisha kimyakimya. Kwa macho mashine ni nzima, kumbe inajikwaa. Ukiliona, ongeza volti 0.01 au shusha kizidishi kimoja. Mimi siku hizi nashusha. Mwisho badilisha volteji isiyobadilika iwe ya ofseti (inayojumlishwa kwenye ile prosesa inayoiomba yenyewe) na uache SpeedStep ikiwa imewashwa, ili mashine ikiwa imekaa tu volteji ishuke yenyewe. Luku nayo itakushukuru.

Ile yangu niliirudisha 4.2. Kila Desemba, joto linapoanza kuiva, nafungua kasha, napuliza, nawasha Prime95 saa nane na kwenda kula. Mwaka jana niliporudi niliikuta kwenye nyuzi 83, na tukio la 19 liko pale, moja. Pesti nilikuwa nimebadilisha mwezi huohuo, feni zote zinazunguka. Ni umri tu. Nikaingia bayosi nikaweka kizidishi 41.