Kompyuta ya mezani kutoka Marekani haihitaji transfoma kila mara

Wengi huamini kwamba kompyuta ya mezani iliyonunuliwa Marekani, kwenye umeme wa volti 120, itaungua ikichomekwa Tanzania (volti 230) au Kenya (volti 240) bila transfoma ya kupunguza umeme.

Jibu liko kwenye lebo ya pawa saplai, lile boksi la chuma ambamo waya wa umeme huingia. Ikiwa imeandikwa "100-240V~ 50/60Hz", inajirekebisha yenyewe. Tofauti ya hezi 50 na 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) haina shida, kwani umeme hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mnyoofu (DC), usiobadili mwelekeo.

Hofu hiyo ina msingi wake. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Ikibaki kwenye 115 huku umeme ni 230, kapasita za ndani (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) hupokea takriban mara mbili ya kiwango cha kawaida, zikapasuka kwa kishindo na fyuzi ikakatika. Chomoa waya kwanza, ndipo usogeze swichi kwa bisibisi bapa hadi 230 isomeke. Lebo ikisema 115V pekee na swichi haipo, hapo transfoma inahitajika, au badilisha pawa saplai.

Waya wa Marekani, wenye alama ya 125V, uache. Nunua wa plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Upande wa kompyuta ni uleule. Spika na printa zikague kivyake, maana printa za leza mara nyingi ni za volti moja tu.