Ripoti Inayomsaidia Mkuu wa Idara Kuamua

Wakuu wa idara wengi wanaonijia huanza kwa kuomba chati. Wanataka ukurasa wenye rangi, mishale ya kupanda na kushuka, na duara lililokatwa vipande. Ninawasikiliza mpaka mwisho, kisha ninauliza swali moja: ukishauona ukurasa huo Jumatatu asubuhi, utafanya nini? Mtu akinijibu kwamba atafungua kundi la pili la somo, ataomba mhadhiri wa muda au ataahirisha somo fulani hadi muhula ujao, kazi imeanza. Akinijibu kwamba anataka tu kupata picha ya mambo, bado tuna mazungumzo marefu.

Kazi yangu ni kujenga mifumo ya ripoti inayofunguliwa kwenye kivinjari kwa ajili ya wafanyakazi wa vyuo vikuu: wasajili, wakuu wa vitivo, maofisa wa fedha, washauri wa wanafunzi. Mifumo ya kutunza kumbukumbu ipo tayari, kila ofisi na wake. Wangu unakaa juu ya hiyo. Usiku unachota data kutoka kwenye usajili, fedha, utumishi na jukwaa la masomo, unaipanga upya ndani ya ghala la data, na asubuhi unamwonyesha mtu kile anachohitaji ili akate shauri.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton, wakiwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, waliyagawa maamuzi ya viongozi katika mafungu matatu: yenye muundo, yenye muundo nusu, na yasiyo na muundo. Mimi mgawanyo huo ninautumia mpaka leo, kwa sababu unaniepusha na ripoti zisizohitajika. Kama kanuni inajulikana, mathalani kwamba asiyefaulu somo la awali hasajiliwi somo la juu, basi mfumo wa usajili umzuie papo hapo; hakuna haja ya kumpa ofisa orodha ya kukagua. Kama swali ni iwapo chuo kianzishe kitivo kipya, ripoti itachangia tarakimu chache tu na yaliyobaki ni hoja za watu mezani. Katikati ndipo penye kazi yetu: sehemu ya uamuzi inahesabika, sehemu inategemea busara ya mtu anayewajua wanafunzi wake.

Chukua uamuzi wa kufungua kundi la pili. Tuseme somo la takwimu lina nafasi 60, zote zimejaa, na orodha ya kusubiri ina majina 23. Ripoti ya kawaida huishia hapo. Mkuu wa idara anaiona 23 na kuanza kutafuta mhadhiri. Sasa tuifungue orodha yenyewe. Majina 6 ni ya wanafunzi ambao wameshapata nafasi katika somo mbadala linalokubalika kwenye shahada yao. Wamebaki kwenye orodha kwa kuwa hakuna aliyewaondoa. Wengine 5 wana somo la lazima katika saa pekee ambayo kundi jipya lingeweza kuwekwa. Wamebaki 12, na kati yao 4 wako mwaka wa mwisho: wasipolipata somo hili sasa, hawahitimu. Uamuzi umebadilika sura kabisa. Huenda kinachotakiwa ni viti 4 vya ziada kwenye kundi lililopo, ikiwa ukumbi unaruhusu, na wale 8 wapewe kipaumbele muhula ujao.

Kwa hiyo skrini ninayomjengea mkuu huyo ina mstari mmoja kwa kila somo lililojaa. Kwenye mstari kuna wanaosubiri kweli baada ya kuwaondoa waliokwisha kupata mbadala, walio mwaka wa mwisho miongoni mwao, viti vya ukumbi dhidi ya nafasi zilizotangazwa, na saa ambazo wahadhiri wenye sifa bado wanazo kwenye mzigo wao. Tarehe ya mwisho ya kubadili ratiba inakaa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Tarakimu sahihi ikifika siku mbili baada ya ratiba kufungwa haimsaidii mtu yeyote, na wanaoumia ni wale 4.

Kabla ya kufika kwenye skrini kama hiyo, lakini, kuna kazi ngumu kuliko zote, na wala si ya kompyuta. Ni kukubaliana juu ya hesabu. Uliza chuo kina wanafunzi wangapi. Ofisi ya usajili itawahesabu waliosajili angalau somo moja. Fedha watawahesabu waliolipa au wenye mdhamini. Watu wa TEHAMA watahesabu akaunti zilizo hai, pamoja na za waliohitimu juzi. Kitivo kitawahesabu wote walio kwenye shahada zake, hata walioahirisha mwaka. Hakuna anayedanganya hapo. Halafu kuna hesabu ya vichwa na hesabu ya mzigo: ikiwa mzigo kamili wa muhula ni krediti 15, wanafunzi watatu wanaosoma krediti 5 kila mmoja wanahesabika kama mwanafunzi mmoja wa muda wote. Anayepanga mabweni anahitaji vichwa. Anayepanga wahadhiri anahitaji mzigo. Ukiwapa tarakimu moja wote wawili, mmoja atakosea.

Nimeona vikao vya bajeti vikiishia kwenye mabishano ya nani ana tarakimu ya kweli, na muda wa kuamua ukaisha. Dawa yake ni kila kipimo kuwa na mwenyewe, kanuni iliyoandikwa, na mahali pa kuisoma. Mahali penyewe ni palepale kwenye tarakimu. Ukiibonyeza, kidirisha kinafunguka: nani wamejumuishwa, nani wameachwa, data imetoka mfumo gani, ilichotwa saa ngapi, na ofisi ipi ya kuuliza. Maelezo hayo yakiwekwa kwenye waraka wa kurasa 40 ulioko kwingine, hakuna atakayeyasoma, na simlaumu mtu.

Jambo la pili ni kuigandisha data. Usajili hubadilika kila siku; watu wanaingia, wanatoka, wanahama. Vyuo makini huchagua siku moja katika muhula, baada ya muda wa kubadili masomo kwisha, na nakala ya siku hiyo huhifadhiwa bila kuguswa tena. Hiyo ndiyo inayotumika kulinganisha mwaka na mwaka. Data hai ni ya kuendeshea shughuli za leo, kama ile orodha ya kusubiri. Ukizichanganya unazua taharuki ya bure: mtu anachukua idadi ya wiki ya pili ya mwaka huu, anaiweka kando ya idadi ya mwisho ya mwaka jana, anatangaza kwamba udahili umeporomoka. Kulinganisha mapema kunawezekana, ila siku ya 10 ilinganishwe na siku ya 10. Ili uweze kufanya hivyo ni lazima nakala ya kila siku iwe inahifadhiwa tangu mwanzo, kwa sababu mifumo mingi ya usajili hufuta hali ya jana inapoandika ya leo. Historia isiyotunzwa haiwezi kutengenezwa baadaye, hata ulete mtaalamu gani.

Kuhama nako kuna mitego yake. Mwanafunzi aliyeanza Kemia na kuhamia Biolojia mwaka wa pili ahesabiwe wapi kwenye ripoti ya mwaka wa kwanza? Ukiandika Biolojia juu ya Kemia, ripoti ya zamani inabadilika kimyakimya na Kemia inaonekana haikuwahi kuwa naye. Ndiyo maana kwenye ghala la data mwanafunzi huyo ana mistari miwili, kila mmoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ralph Kimball, mmoja wa waliotuwekea misingi ya maghala haya, aliuita utaratibu huo aina ya pili ya kushughulikia sifa zinazobadilika taratibu. Unaongeza mistari, unaongeza kazi ya kupanga, lakini unamlinda mkuu wa Kemia anayeulizwa kwa nini idara yake imepungua.

Sasa niseme juu ya wastani, maana hapa ndipo ripoti nzuri inapoweza kumpotosha mtu mwema. Mfano mashuhuri unatoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika maombi ya masomo ya uzamili ya mwaka 1973, waombaji wanaume 8,442 walikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 44 hivi, na wanawake 4,321 kwa asilimia 35 hivi. Tarakimu hizo mbili peke yake zinatosha kuandikia barua kali. Peter Bickel na wenzake walipoichambua data idara kwa idara, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1975, picha ilikuwa nyingine: idara chache sana ndizo zilizoonyesha tofauti ya maana, na kwa jumla mwelekeo mdogo uliobaki ulikuwa upande wa wanawake. Katika idara moja kubwa wanawake walikubaliwa kwa asilimia 82 na wanaume kwa 62. Sababu ni kwamba wanawake wengi zaidi waliomba kwenye idara zenye ushindani mkali, ambako kila mtu alikuwa na nafasi ndogo.

Hilo halimaanishi kwamba hapakuwa na swali la haki. Kwa nini idara wanazozipenda wanawake zina nafasi chache ni swali zito, tena la kibajeti. Ila ni swali jingine, na uamuzi wake ni mwingine. Ninachojifunza kama mjenzi ni kwamba kila asilimia ya chuo kizima lazima iweze kufunguliwa hadi ngazi ya idara kwa kubonyeza mara moja, na idadi ya watu nyuma ya asilimia ionekane bila kuombwa. Asilimia 50 ya watu 4 isisimame kwa ukubwa uleule wa herufi na asilimia 50 ya watu 4,000.

Kufungua huko hadi chini kunaleta hatari yake. Ukichuja kwa shahada, kisha mwaka, kisha jinsia, kisha ulemavu, unamfikia mtu mmoja, na yeyote anayemfahamu ameshajua matokeo yake. HESA, iliyokuwa taasisi ya kujitegemea ya takwimu za elimu ya juu ya Uingereza hadi ilipounganishwa na shirika la Jisc mwaka 2022, ina kanuni ninayoipenda kwa uwazi wake: idadi huzungushwa hadi kwenye kigawe cha 5 kilicho karibu, hivyo 0, 1 na 2 zote husomeka 0, na asilimia inayotokana na watu wasiofika 22.5 haichapishwi. Kuficha kisanduku kimoja peke yake hakutoshi. Kama jumla ni 31 na visanduku viwili kati ya vitatu vinasomeka 17 na 12, mtoto wa shule atakiona cha tatu. Kwenye ripoti za mtandaoni hila hiyo ni rahisi zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuondoa kichujio, kuandika jumla, kukirudisha, na kutoa. Kwa hiyo ulinzi ufanyike kwenye seva, kabla tarakimu haijatumwa. Kivinjari kikishapokea data kamili, kuificha kwa rangi ya kijivu ni kujidanganya.

Mshauri wa wanafunzi, kwa upande wake, anahitaji majina. Hawezi kumpigia simu asilimia. Hapo haki za kuona hufungwa kwenye mistari yenyewe: ukurasa ni uleule, lakini mshauri anaona wanafunzi wake, mkuu wa kitivo anaona kitivo chake, na kila ufunguaji wa jina unaandikwa kwenye kumbukumbu. Ninasisitiza hili kwa uchungu. Wanafunzi hawakutupa data zao ili tuzitembeze ofisini.

Upande wa kurasa zenyewe nina machache. Anwani ya ukurasa ibebe vichujio, ili mkuu akimtumia msajili kiungo wote waone kitu kilekile. Kitufe cha kupakua kwenda Excel kiwepo, na faili likitoka liwe na tarehe na maelezo ya kipimo ndani yake, kwa kuwa litasafiri mbali kuliko unavyodhani. Nyekundu na kijani visibebe ujumbe peke yake, wapo wasiozitofautisha.

Mwisho wa mwaka ninapitia kumbukumbu za seva kuona ripoti zipi hazifunguliwi, nikiwa na nia ya kuzipunguza. Ripoti 300 ambazo 40 tu zina kazi humfanya mtu akate tamaa kutafuta. Hata hivyo sifuti kwa kuangalia hesabu ya waliofungua tu. Ripoti ya ithibati inaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, kisha ikahitajika kwa wiki moja ambayo chuo hakiwezi kuikosa. Kwa hiyo ripoti isiyofunguliwa ninaiondoa kwanza kwenye orodha na kuiacha anwani yake ikifanya kazi kwa mwaka mmoja wa masomo, nikiwa nimemwandikia mwenye kipimo. Asipotokea mtu katika kipindi hicho chote, ndipo ninaizima.