Je, wajua kwa nini hisa ya chipu inaeza panda siku kampuni inatangaza hasara?

Tarehe 28 Machi 2023 Micron, kampuni ya Marekani inayotengeneza memori za simu na kompyuta, ilitangaza hasara ya dola bilioni 2.3 kwa miezi mitatu tu, kubwa kuliko zote kwa historia yake. Kesho yake hisa ikapanda karibu asilimia 7. Binamu yangu anauza RAM, yaani memori za kompyuta, na kurepea laptopu pale Luthuli Avenue, amekuwa akiangalia hisa za kampuni za chipu zikiteremka na anasubiri habari nzuri ndio anunue, sasa nilipomwambia hii ya Micron akashangaa sana.

Nikamwambia afikirie nyanya. Ule msimu kreti ni ghali pale Marikiti, kila mtu Mwea anapanda nyanya, alafu baada ya miezi mitatu hivi zinaiva zote pamoja, malori yanajaa, bei inaanguka mpaka wengine wanaziacha zioze shambani. Msimu unaofuata watu wanaogopa kupanda, nyanya zinaadimika, bei inarudi juu. Chipu za memori ni hivyo hivyo, ila shamba lake ni kiwanda cha mabilioni ya dola kinachochukua miaka kujenga, kwa hivyo ukianza kujenga bei ikiwa juu unaeza kumaliza ukute soko limeshajaa.

Mwaka wa 2021 chipu ziliadimika hadi viwanda vya magari vikasimama, kila mtu akaagiza nyingi kuliko anazohitaji, alafu 2022 watu wakapunguza kununua simu na kompyuta mpya na stoku ikarundikana. Mauzo ya Micron yakatoka karibu dola bilioni 31 mwaka wa fedha wa 2022 hadi 15.5 mwaka uliofuata. Lakini hisa ilikuwa imegusa chini Desemba 2022, miezi mitatu kabla ya ile hasara kutangazwa, juu mwenye kununua hisa analipia faida ya mwaka ujao, ya jana imeshaenda.

Aprili 2023 Samsung nayo, wakati huo mkubwa wa memori duniani, ikasema faida imeshuka zaidi ya asilimia 90 na itapunguza uzalishaji, na siku hiyo hiyo hisa yake ikapanda. Ni kama kuskia wakulima wa Mwea wameng'oa miche. Hiyo ndio ishara mimi naiamini kuliko zote, pamoja na stoku: ripoti ya kila robo mwaka inaonyesha mzigo uliolala, na ule mzigo ukiacha kuongezeka uanze kupungua, hapo ndio naanza kufikiria pesa.

Kuna mtego hapa unaoumiza watu wengi. Hisa ya dola 90 kwa kampuni inayopata faida ya dola 10 kwa kila hisa inaonekana rahisi, bei ni mara 9 tu ya faida. Faida ikianguka hadi 2 na hisa iwe 60, sasa ni mara 30, inaonekana ghali, na pengine huo ndio wakati wenyewe. Kwa biashara hii urahisi wa aina hiyo mara nyingi unakuja faida ikiwa kileleni.

Na sio kila kushuka kunaisha haraka. Kutoka Machi 2000 hadi Oktoba 2002 faharasa ya hisa za chipu kule Marekani, yaani kipimo cha bei za hisa hizo kwa pamoja, ilianguka zaidi ya asilimia 80, kwa hivyo aliyenunua ikiwa nusu bei alipoteza zaidi ya nusu ingine, na hisa ya Intel, kampuni ingine ya chipu, ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kurudi bei ya 2000. Ndio maana nunua kidogo kidogo, kama mchango wa chama, na tafadhali usichukue mkopo wa simu kwa hii kitu. Shilingi pia iangalie: Januari 2024 dola ilikuwa kama 160, miezi michache baadaye 130, mwenye alikuwa na dola 1,000 akapoteza kama elfu thelathini hata kama hisa haikusonga.

Nikamuuliza binamu RAM anachukua bei gani kwa wholesale. Akatoa kitabu chake cha oda chini ya kaunta, tukafuata na kidole: oda tatu bei inashuka, ya nne na ya tano iko palepale. Akaamua ataanza na dola 50, zingine zingoje oda mbili zijazo.