A- peke yake haimfikishi mtoto Udaktari: jinsi ya kupima nafasi yake KUCCPS

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yakitoka, wazazi hapa Kisumu huuliza swali lilelile: "Mwalimu, huyu ana A-, ataingia Udaktari?" Kwa gredi hiyo tu siwezi kujibu. Gredi ya wastani inakufungulia mlango (C+ kwa shahada), lakini viti vya ndani hugawanywa na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kwa alama za klasta, yaani alama zinazotokana na masomo manne ya kozi husika pamoja na jumla ya masomo saba, na mwanafunzi mmoja huwa na alama tofauti kwa kozi tofauti.

Chukua karatasi na kikokotoo. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, hivyo hivyo hadi E yenye 1. Jumlisha pointi za masomo saba yaliyotoa gredi ya wastani. Upeo wake ni 84. Kisha jumlisha masomo manne ya kozi unayoitaka. Upeo wake ni 48. Gawanya jumla ya masomo manne kwa 48 na ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu zidisha kwa 48.

Tuseme binti ana Biolojia A-, Kemia B+, Hisabati A-, Kiingereza A, Fizikia B, Jiografia A na Kiswahili A-. Jumla ni 76. Kwa Udaktari tunachukua Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiingereza: 44. Klasta yake inatoka 43.71. Sasa mpeleke Uhandisi, ambako Fizikia haikwepeki: Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia zinatoa 42, na klasta inashuka hadi 42.71. Pointi nzima imepotea, na gredi ya wastani haijabadilika hata kidogo.

Mlinganishe na kijana mwenye jumla ya 78 lakini masomo yake manne ya Udaktari yana 42. Yeye anapata 43.27. Ana jumla kubwa kuliko binti na bado yuko nyuma yake kwenye foleni. Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona kuhusu hongo, kumbe ni hesabu tu.

Hesabu hii ni ya kukadiria. KUCCPS hutazama pia alama ambazo herufi zimezificha, ndiyo maana watahiniwa wawili wenye gredi zilezile hutofautiana kwa desimali. Alama rasmi ziko kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe katika tovuti ya KUCCPS. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kupiga hesabu yake kwenye saiba (duka la intaneti), kisha kuilinganisha na alama ya mwisho ya kozi iliyochapishwa rasmi. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Linganisha rasmi na rasmi.

Na hiyo alama ya mwisho ni nini? Si kiwango ambacho chuo kimekaa kikapanga. Ni klasta ya mtu wa mwisho aliyepata kiti mwaka ule. Chuo kikiongeza viti, inashuka. Waombaji wenye alama za juu wakimiminika, inapanda. Ndiyo maana kusoma mwaka mmoja tu ni hatari, hasa kwa kozi yenye viti vichache. Mimi huangalia miaka mitatu kwa kila chuo: Maseno, Moi, Egerton, Nairobi, kila kimoja peke yake. Mtoto akiwa juu ya alama zote tatu kwa pointi moja au zaidi, naandika "salama kiasi". Akiwa juu ya mbili na chini ya moja, hiyo ni bahati nasibu. Akiwa chini ya zote, sibishani na mzazi. Namwomba tu asijaze nafasi zote kwa kozi hiyo. Ukikuta kistari badala ya alama, hakuna cha kulinganisha, mara nyingi kwa kuwa kozi ni mpya. Usisome kistari kama sifuri.

Kabla ya yote hayo, kagua masharti ya masomo. Udaktari unataka angalau B katika Biolojia, katika Kemia, katika Hisabati au Fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. B- ya Kemia inakufungia nje hata klasta ikiwa nzuri namna gani.

Wengine hujipa moyo kwamba wakikosa watarekebisha chaguo awamu ya pili. Awamu hiyo hufunguliwa kwa kozi zenye viti vilivyobaki, na kozi zinazogombaniwa huwa zimejaa tayari. Kwa hiyo kozi ya akiba, iwe Uuguzi, Famasia au Ualimu wa Sayansi, ipangwe awamu ya kwanza, nayo ikokotolewe klasta yake kama ulivyofanya kwa Udaktari.