Filta ya maikrowevu: usiiachie optimaiza kazi yote

Wengi wanaoanza kudizaini filta, sakiti inayopitisha masafa fulani ya signo na kuzuia mengine, nawaona wanapitia njia moja, wanachora filta nzima kwenye softiwea ya simulesheni, vipimo 9 au 10 wanaviachia vibadilike, wanabonyeza optimaiza ili kompyuta ijitafutie vipimo bora, afu wanaenda kulala. Asubuhi kompyuta imeunguruma usiku kucha na grafu bado mbovu. Inaniuma kweli, maana hii kazi ni tamu mno ukijua pa kuishikia.

Tuchukue filta ya hepini, ile ambayo rezoneta zake, yaani vipande vya shaba vinavyolia kwenye masafa yao, zimekunjwa kama herufi U. Katikati yake iwe 2.45 GHz, upana wa bendi 245 MHz yaani asilimia 10, rezoneta 5, aina ya Chebyshev inayopanda na kushuka 0.1 dB ndani ya bendi. Kabla hujafungua softiwea yoyote shika kalamu. Namba za jedwali la Chebyshev ni 1.1468, 1.3712, 1.9750, afu zinarudi kinyumenyume, na ukizipigia hesabu unabaki na vitu vitatu tu: kaplingi, yaani kiasi cha kushikana, ya rezoneta ya kwanza na ya pili ni 0.080, ya pili na ya tatu 0.061, na Q ya mlangoni, pale signo inapoingilia, ni 11.5 (Q ikiwa ndogo laini imeishika rezoneta kwa nguvu). Upande wa pili ni hizohizo. Basi hizo namba tatu ndo filta yenyewe, shaba unaichora ili uzipate.

Hapo ndo unaita simulesheni, ila unaipa rezoneta mbili tu. Poti, yaani milango ya signo, ziweke mbali kidogo zisizisumbue, utaona vilele viwili kwenye grafu, na ukiongeza mwanya kati ya rezoneta vinasogeleana, ukipunguza vinaachana. Chukua mraba wa kile cha juu toa mraba wa kile cha chini, gawanya kwa jumla yao, hiyo ndo kaplingi. Vikikaa kwenye 2.35 na 2.55 GHz uko kwenye 0.08 na kitu. Rudia kwa mianya mitano sita hivi, chora mstari, na mianya yako yote unaisoma pale. Kwa mlango unatumia rezoneta moja peke yake, unasogeza sehemu ambapo laini ya kuingilia inaigusa hadi ucheleweshaji wa wimbi linalorudi ufike kama nanosekunde 3 kileleni.

Sasa unganisha zote 5. Haitakaa sawa mara ya kwanza na hilo ni kawaida kabisa, kwa sababu jirani wa pili naye ana kaplingi yake ndogo na kila rezoneta inamvuta mwenzake. Hapa ndo kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: weka kipoti kidogo kwenye kila rezoneta, endesha simulesheni nzito MARA MOJA, matokeo yapeleke kwenye simyuleta ya sakiti na kila kipoti ukifunge kapasita. Kutyuni kapasita, yaani kubadilisha thamani zake hadi grafu ikae sawa, kunachukua sekunde, na jibu linasema wazi, kapasita ikitoka hasi rezoneta hiyo ni ndefu, ikate, ikitoka chanya irefushe. Rekebisha umbo, rudi tena. Raundi mbili tatu unamaliza. Injinia Milton Dishal alionyesha tangu 1951 jinsi ya kutyuni filta rezoneta moja baada ya nyingine, na huku kwenye kompyuta wazo ni lilelile.

Meshi nayo, yaani viselo vidogo ambavyo softiwea inakatia umbo ili ipige hesabu, usiipuuze. Umeme unakimbilia kwenye kingo za shaba, kwa hiyo mwanya wa milimita 0.3 ukiupa kiselo kimoja tu namba utakayopata ni ya uongo, kaza meshi hadi kilele kiache kuhama.

Halafu bodi. FR4, ile bodi ya kawaida ya fiberglasi, ni rahisi kuipata lakini kwa hii filta inakula karibu 7 dB, yaani nguvu unayoingiza inabaki moja ya tano tu, wakati RO4003C, bodi maalumu ya maikrowevu, ya milimita 0.8 inakula kama 2 dB. Na konstanti ya dielektriki ya FR4 ikiwa 4.2 badala ya 4.4 uliyoiandika, bendi nzima inahama kama 50 MHz, simulesheni haina kosa hapo, imejibu ulichoiuliza.

Kilichonisumbua zaidi mimi ni sanduku. Filta ilikuwa safi mezani, nikaifunga kwenye aluminiamu ya milimita 80 kwa 60, kuweka kifuniko tu kikatokea kilele karibu na 3.1 GHz, pale ambapo signo ilitakiwa izuiwe kabisa. Nilihangaika siku mbili na lehemu za konekta bure, kumbe sanduku lenyewe limegeuka rezoneta, na ukubwa ule linalia hapohapo. Nikapunguza upana hadi milimita 40, kilele kikahamia karibu 4.2 GHz, mbali na signo niliyokuwa naizuia. Tangu siku hiyo kuta na kifuniko naviingiza kwenye simulesheni ya filta nzima kuanzia raundi ya kwanza, hata kama inaongeza nusu saa.