"Hajui Kiingereza" na "hajasoma" ni mambo mawili

Nawasaidia wazazi Wakongo kuandikisha watoto shule hapa Kampala. Wengi wao wana Kiswahili na Kifaransa, na ofisi ya shule ina Kiingereza na Luganda. Kila muhula nasikia maneno yaleyale kwa walimu, kwa majirani, hata kwa wazazi wenyewe. Wengi huyasema kwa nia njema, lakini watoto wanapotezewa miaka.

"Hajui Kiingereza, basi aanze chini."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikaa ofisini na mama mmoja kutoka Kivu Kaskazini pamoja na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Mwalimu alimwuliza kijana maswali kwa Kiingereza, kijana akatazama sakafu. "Mama, huyu tutamweka darasa la pili." Mama akanigeukia: "Huyu mutoto alishamaliza ya tano."

Niliomba apewe karatasi, nikamwandikia agawanye 936 kwa 12. Akachora mstari wa wima kulia kwa 936, akaweka 12 upande wa pili wa mstari, akapiga mstari mwingine chini ya hiyo 12, na hapo chini akaandika 78. Mwalimu akauliza amechora nini. Hakuwa amechora kitu. Hivyo ndivyo wanavyogawanya wanafunzi waliosoma kwa mfumo wa Kifaransa, na jibu ni sahihi. Tulipompa 7 kwa 2 aliandika 3,5 kwa mkato, kwa kuwa kwao nukta ya desimali ni mkato. Ukisahihisha daftari kama hilo bila kujua, utamwekea alama ya kosa kila mstari mtoto ambaye hesabu anaijua.

Kumrudisha miaka mitatu nyuma hakumfundishi Kiingereza. Kunamketisha na watoto wa miaka saba, akiwa mrefu kuliko wote, akirudia kujumlisha. Wengi wa namna hiyo huacha shule kimyakimya. Kinachomfaa ni kupimwa kwa lugha anayoijua, awekwe karibu na kiwango chake, kisha apewe miezi ya Kiingereza cha kumvusha.

"Wakimbizi ndio walioleta mchanganyiko wa lugha darasani."

Uganda ina lugha zaidi ya arobaini zake yenyewe. Ndiyo maana mtaala wa mwaka 2007 ulisema darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya mahali, la nne liwe la kuvuka, na kuanzia la tano iwe Kiingereza. Mijini, ambako Mganda, Mwacholi na Msoga wanakaa dawati moja, shule ziliruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo. Mchanganyiko ulikuwepo kabla ya basi la kwanza la wakimbizi kutoka Bunagana, mpakani na Kongo.

Ila nikubali kwamba katika makazi ya wakimbizi kazi ni nzito zaidi. Nakivale, iliyoanzishwa 1958 wilayani Isingiro, darasa moja laweza kuwa na Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na Kisomali, na lugha ya mahali ni Runyankole ambayo watoto wengi hawana. Ipi iwe lugha ya nyumbani? Shule zilizoajiri wasaidizi wa mwalimu kutoka kwa wakimbizi wenyewe zimepata angalau mlango wa kuingilia.

"Ongeeni Kiingereza nyumbani ili ashike haraka."

Mzazi anashauriwa hivi, naye anatii. Mama mwenye maneno ishirini ya Kiingereza anaanza kumlea mtoto kwa maneno hayo ishirini. Hadithi zinakwisha, maswali yanakwisha, hata kukemea kunakuwa kwa mkato. Mtoto aliyezoea kueleza kwa nini na vipi kwa Kiswahili atajifunza kueleza hayohayo kwa Kiingereza. Asiyezoeshwa popote hana cha kuhamisha. Shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake zinamfundisha kunyamaza.

"Anapiga soga uwanjani, Kiingereza ameshakijua."

Bado. Mwaka 1981 Jim Cummins alichapisha utafiti kuhusu watoto wahamiaji Kanada: lugha ya mazungumzo huja kwa takriban miaka miwili, ila lugha ya vitabu na mitihani huchukua mitano hadi saba. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ni kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyeingia la tano anakimbizana na muda.

"Kiswahili chake cha Kikongo hakina faida hapa."

Najua Kiswahili kilivyochafuliwa jina Uganda, kikaitwa lugha ya askari na wezi. Lakini agizo la 1973 lilikifanya lugha ya taifa, marekebisho ya katiba ya 2005 yakakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunatafuta walimu wa Kiswahili huku tukimcheka mtoto anayesema "niko naandika". Kutoka hapo hadi "ninaandika" ni hatua ndogo.

"Anachukua nafasi ya mtoto wetu."

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa elimu ya msingi sawa na raia. Na katika makazi mengi, shule zilizojengwa kwa fedha za misaada kwa wakimbizi zinasomesha pia watoto wa vijiji jirani.

Yule kijana wa Kivu aliwekwa darasa la nne baada ya mabishano ya saa nzima. Juzi mama yake alinionyesha daftari. Kwenye ukurasa wa nyuma anagawanya kwa mchoro wa nyumbani, kwa penseli. Akishapata jibu, anafungua ukurasa wa mbele na kuinakili hesabu kwa kalamu, kwa mtindo wa hapa, nukta badala ya mkato.