Mche wa mchungwa: mi naanza kuangalia chini ya jicho

Mtu akija kununua miche ya michungwa anaangalia majani, yakiwa ya kijani na yanang'aa basi kapenda, mi naangalia mizizi na lile shina la chini. Kama unataka kufungua kitalu cha biashara naomba hili lishike kabla hujanunua hata kiriba kimoja: mche wa mchungwa ni mimea miwili iliyounganishwa, na ule wa chini, ambao mteja hauoni, ndo unaoamua mti utaishi miaka mingapi na utavumilia udongo gani.

Kuna wanaouliza kwanini tusioteshe tu mbegu ya chungwa tamu tukauza. Inaota, sawa, ila mti wa mbegu unarudi utotoni kabisa, miiba mirefu na miaka mingi ya kusubiri tunda. Jicho (kichipukizi kidogo na kipande chake cha gome) ulilotoa kwenye mti mkubwa unaozaa lina ukomavu wa mti ule, kwa hiyo ukilibebesha, yaani ukilipachika, kwenye mche shina (ule mmea wa chini) unaanza kuona matunda baada ya miaka 3 hivi.

Sa hapo kwenye mche shina. Mbegu nyingi za jamii ya michungwa zina maajabu yake, ndani ya mbegu moja kunakuwa na viinitete zaidi ya kimoja na vingi vyao havikutokana na chavua kabisa, vimetoka kwenye mwili wa mti mama, kwa hiyo miche inayoota ni nakala ya mama. Hiyo ndo sababu tunaweza kupata maelfu ya mashina yanayofanana bila kutumia vipandikizi. Ila kwenye kitalu kile kile utakuta iliyotokana na uchavushaji, na hiyo ndo lazima uitoe, ni ile iliyodumaa au imechomoza sana kupita wenzake au ina majani ya sura tofauti. Inauma kutupa mche mzima wenye afya, najua, lakini ukiubebesha utakuwa unauza mti ambao hujui chini yake kuna nini.

Mbegu usizianike juani zikakauka, za michungwa zikikauka zinakufa. Osha ule utelezi, zitumbukize kwenye maji ya nyuzi 52 za selsiasi kwa dakika 10 (tumia kipimajoto, usikisie kwa mkono) kupunguza ukungu wa faitofthora unaoozesha mizizi, panda ungali na mbegu mbichi.

Kuhamishia kwenye kiriba ndo hatua wengi wanaifanya haraka haraka. Mzizi mkuu ukiingia umejikunja kama ndoana unabaki hivo hivo, mche utaupogoa, utauwekea mbolea, utapendeza, alafu miaka kadhaa baadaye shambani unaanza kunyong'onyea na mkulima analaumu udongo. Mzizi ukiwa mrefu kuliko shimo kata ncha kwa mkasi, ni bora mara mia kuliko kuukunja, utatoa mizizi mingine. Uliojikunja tangu kitaluni, weka pembeni.

Aina ya shina inategemea udongo na magonjwa. Mdanzi, yaani mchungwa mchungu, ulipendwa sana zamani, unavumilia kuoza kwa shina na matunda ya juu yanakuwa mazuri, ila miaka ya 1930 na 1940 kirusi cha tristeza, kinachosambazwa na vidukari, kiliua mamilioni ya michungwa Ajentina na Brazili iliyokuwa juu ya mdanzi. Mchungwa ulio juu ya shina lingine unaweza kuwa na kirusi hicho hicho na ukaendelea kuishi, ukiuweka juu ya mdanzi njia za chakula pale kwenye kiungo zinakufa na mizizi inakosa chakula, yaani mti unakufa na njaa kuanzia chini. Wengi wakahamia kwenye mashina ya mlimau na machotara kama Carrizo, ambalo lilitokana na kuchanganya mchungwa na Poncirus, ule wenye vijani vitatu vitatu. Uzuri mwingine wa Carrizo, chipukizi likitoka chini ya kiungo unalijua palepale kwa hayo majani matatu, unaling'oa.

Kubebesha tunafanya shina likifika unene wa penseli na gome linaachia vizuri, sentimita 15 mpaka 20 juu ya udongo, sio chini ya hapo, maana matone ya mvua yanarusha udongo wenye ukungu mpaka kwenye kiungo. Tepu naitoa baada ya wiki 2 au 3, jicho likiwa bado kijani naukunja mche juu yake ili lichipue, siukati moja kwa moja, majani ya juu yaendelee kulisha mizizi.

Macho nilishakosea na nakumbuka mpaka leo. Nilichukua kwenye mti mzuri kweli shambani kwa mtu, unazaa, hauna doa, nikabebesha kwenye Carrizo. Baada ya miaka michache magome yakaanza kupasuka chini ya kiungo tu na miti ikadumaa. Ilikuwa exocortis, ugonjwa unaohamia kwa macho na visu, mti mama haukuonyesha dalili kwa sababu wenyewe ulikaa juu ya mlimau unaouvumilia, na visu vyangu vikahamisha kutoka mche hadi mche, spiriti niliyokuwa nafutia haisaidii kwa huo. Siku hizi natumia maji ya klorini kila ninapobadilisha mti mama, nasuuza, napaka mafuta kisu kisile kutu, na macho yote yanatoka kwenye miti iliyopimwa maabara na kufungiwa ndani ya neti. Ile miche niliyokuwa nimebakiwa nayo niliichoma yote, na walionunua niliwafuata nikawabadilishia.